Likizo ya mtoto wa Manzese: mpira, familia na ndege

Kila zinapokaribia likizo za Juni na Desemba, kamati za usharika hutuletea maombi ya fedha za bonanza la watoto. Maombi mengi yanafanana: fulana, kikombe, muziki na chakula cha siku moja. Si mambo mabaya, lakini siku hiyo ikipita mtoto anarudi kwenye likizo ileile. Katika makala haya tunaeleza mpango mwingine, wa wiki nzima ya mpira, muda wa familia na matembezi ya kutazama ndege, na sababu za kuuona unafaa zaidi kwa mahali kama Manzese.

Kwa nini mapumziko ni kazi ya maendeleo

Wapo wafadhili wanaouliza, tena kwa haki kabisa, kama fedha za maendeleo zitumike kwa michezo wakati watu wanahitaji maji na zahanati. Jibu la kwanza limo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inataja mapumziko miongoni mwa haki ambazo mtoto anapaswa kuzipata kwa wazazi wake, sambamba na afya, elimu na makazi. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya kupumzika na kucheza.

Jibu la pili ni Manzese yenyewe. Hapa nyumba zilitangulia ramani. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliamua kuboresha makazi haya badala ya kuyabomoa. Uamuzi huo uliwanusuru wengi wasihamishwe, lakini maeneo ya wazi yalibaki machache, na tangu hapo nyumba zimezidi kusongamana. Wazazi nao hawana nafasi. Mama lishe huwasha moto kabla ya alfajiri, na machinga au dereva wa bodaboda mara nyingi hurudi watoto wamelala. Kwa hiyo mtoto wa Manzese amepungukiwa vitu viwili: mahali pa kuchezea na muda wa wazazi wake. Fedha za wiki hii zielekezwe huko.

Mpira

Watoto wanajua chandimu bila kufundishwa. Wajibu wa kamati ni kuwapatia uwanja wenye uhakika. Kamati ianze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na walimu wakuu wa shule za jirani, na ipate kibali cha maandishi mwezi mmoja kabla. Timu ziwe za wachezaji saba ili uwanja mdogo utoshe, na zipangwe kwa mitaa, si kwa madhehebu. Jirani zetu wengi ni Waislamu, hivyo ratiba iache nafasi ya sala ya Ijumaa. Wasichana wapewe saa zao za uwanja tangu siku ya kwanza, la sivyo watabaki kuwa watazamaji. Zawadi iwe mpira utakaobaki mtaani baada ya wiki kwisha.

Muda wa familia

Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Mzazi anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kufunga biashara kwa sababu ya tangazo. Tunashauri jioni mbili tu, kuanzia saa 10, mama lishe wengi wakiwa wamemaliza shughuli za mchana, pamoja na Jumapili alasiri. Wazazi wasialikwe kusikiliza hotuba. Wacheze na watoto wao, wale pamoja, na kila mtoto amweleze mzazi wake alichokiona wiki hiyo. Inapobidi, kamati imfidie mzazi sehemu ya kipato cha saa hizo. Mfadhili asishangae kuikuta fidia hiyo kwenye bajeti.

Kutazama ndege

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na kuwatazama hakuhitaji safari ya mbugani. Matembezi ya kwanza yafanyike mtaani saa 12:30 asubuhi. Watoto wataona shomoro, mwewe na kunguru, hasa kunguru wa India mwenye shingo ya kijivu. Ndege huyu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akaenea bara. Hula pia mayai na makinda ya ndege wadogo. Watoto wahesabu kunguru waliopo jalalani, halafu wahesabu waliopo penye miti. Watajionea wenyewe kwamba taka zetu ndizo zinazomlisha.

Matembezi ya pili yaende Chuo Kikuu, Mlimani, ambako si mbali ukipitia Ubungo. Kuna miti mikubwa na maua, na chozi huonekana kwa urahisi. Kibali kiombwe mapema.

Ya tatu ni ufukweni karibu na Daraja la Selander, Mto Msimbazi unapoingia baharini. Hayo yafanyike Desemba, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu ndipo kitwitwi na sululu hushuka kula kwenye tope. Wengi wao hufika kuanzia Septemba kutoka Ulaya na Asia, na huondoka karibu na Aprili. Juni ni wachache. Watoto watazame wakiwa kando ya barabara na wasiingie kwenye tope, maana mto hubeba maji machafu ya jiji.

Darubini mbili na daftari moja kwa kila kundi la watoto kumi vinatosha. Kila kundi liwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, na kila mtoto awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi.

Kabla ya kuleta maombi

Kamati ituonyeshe mambo matatu: kibali cha uwanja, orodha ya wazazi waliokubali jioni zao, na majina ya watakaoongoza matembezi. Fulana zinaweza kusubiri. Wafadhili wetu nao wasitupime kwa idadi ya watoto waliopigwa picha, bali watuulize ni wazazi wangapi walifika, na kama uwanja uliopatikana bado uko wazi likizo inayofuata.