Istilahi na Usahihi wa Maelezo: Upangaji wa Njia katika Vitabu vya Mitandao ya Kompyuta

Makala haya yanajadili makosa ya kiufundi yanayojitokeza Kiswahili kinapotumiwa kueleza upangaji wa njia katika mitandao ya kompyuta. Hoja yetu ni kwamba mengi huzalishwa na istilahi yenyewe, wala si uzembe wa mwandishi.

Tuseme kompyuta iliyoko Geita inapeleka pakiti Shinyanga. Kipanganjia cha Geita (mafundi husema ruta, nami sioni sababu ya kubishana nao) kina njia mbili: moja ni redio ya kasi ndogo iendayo Shinyanga moja kwa moja, nyingine ni mkongo wa kasi kubwa upitiao ruta ya Kahama. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ruta huchagua “njia fupi”, atafikiria kilomita, kwani ndivyo msafiri apimavyo. Ruta haijui kilomita. Itifaki ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, huhesabu hatua, yaani ruta zinazopitiwa. Kwayo redio ndiyo fupi, japo ni ya polepole. Itifaki ya OSPF hujumlisha gharama za viungo, ambazo kwa kawaida hupungua kasi inapoongezeka. Hiyo itapitia Kahama. Hapana budi, basi, neno “fupi” liandamane na kipimo chake. Ikumbukwe pia kwamba katika RIP kikomo ni 15. Namba 16 haimaanishi hatua ya kumi na sita, bali kwamba mtandao haufikiki.

Yenye matata zaidi ni “muda wa kuishi”, tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza la sehemu mojawapo ya kichwa cha pakiti. Maelezo ya itifaki ya IP ya mwaka 1981 yalikusudia sekunde, lakini yaliagiza kila ruta ipunguze angalau moja, hata kama pakiti imekaa humo chini ya sekunde. Kwa vitendo, kilichohesabiwa kikawa ruta. Watunzi wa toleo la sita, mwaka 1995, waliliacha jina hilo na kutaja kikomo cha hatua. Kwa nini sisi tuling’ang’anie? Fundi katika mgodi wa Bulyanhulu asomaye “muda” atadhani pakiti iliyotupwa ilichelewa, naye atabadilisha waya. Kumbe ruta mbili zinarudishiana pakiti hiyo, na kasoro imo katika jedwali la njia.

Tunapendekeza “ukomo wa hatua” kwa matoleo yote mawili. Pale jina la zamani linapolazimu kutajwa, ielezwe papo hapo kwamba kinachohesabiwa ni ruta, si sekunde.