Dada wa Machakos, hii safari ya kiungo kutoka Mathare hadi Uholanzi inakuhusu

Kama wewe ni binti unayesakata kandanda pale Kathiani, Mwala, Mavoko au hapo mjini Machakos, bila shaka umewahi kuulizwa swali hili: “Na hiyo mpira itakupeleka wapi?” Anaweza kuuliza mama, mwalimu au hata mwanadarasa mwenzako anayejifanya anajua maisha. Mara nyingi unanyamaza kwa sababu huna jibu la haraka. Leo tukupe jibu, na linaanza na jina moja: Doreen Nabwire.

Nabwire alizaliwa mwaka 1987. Mwaka huo huo, katika mitaa ya Mathare jijini Nairobi, kulianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Utaratibu wake ulikuwa wa kipekee: timu hazikupata pointi kwa kushinda mechi tu, bali pia kwa kutoka na majembe na toroli kuzoa taka mtaani. Mwanzoni chama kilikuwa cha wavulana. Wasichana waliingia miaka ya mwanzo ya 1990, wakati ambapo kumwona msichana akikimbiza mpira mtaani kulikuwa kioja. Huko ndiko Nabwire alikonolewa.

Alicheza kama kiungo. Unajua kazi ya kiungo, siyo? Mshambuliaji akifunga anabebwa juu, na kipa akiokoa penalti anaimbwa. Kiungo ndiye anayekimbia kuliko wote, anaupokonya mpira, anatazama kulia na kushoto, kisha anampa mwingine ili apate sifa. Ukitaka kumjua kiungo mzuri, usiutazame mpira. Mtazame yeye kabla mpira haujamfikia. Utamwona akigeuza shingo mara mbili, tatu, kwa sababu anataka kujua adui yuko wapi na mwenzake yuko wapi. Mpira unapofika mguuni, uamuzi ameshaufanya.

Kwa kazi hiyo, Nabwire alifika Ulaya. Alichezea Werder Bremen ya Ujerumani, akaenda FC Zwolle ya Uholanzi, kisha akarudi Ujerumani kuvalia jezi ya FC Köln. Ndiye anayetambuliwa kama mwanamke wa kwanza kutoka Kenya kucheza soka ya kulipwa barani Ulaya. Hebu fikiria: hakuna dada mwingine kutoka Kenya aliyekuwa ametangulia ambaye angempigia simu na kumuuliza baridi ya huko ikoje au mkataba unasomwaje.

Hapo Uholanzi pana somo ambalo halisemwi sana. Ligi kuu ya wanawake ya nchi hiyo ilianza mwaka 2007 tu, na Zwolle ilijiunga mwaka 2010. Kwa hivyo Nabwire hakuingia kwenye mashine iliyokuwa imekamilika miaka mingi. Aliingia kwenye jengo ambalo bado lilikuwa na majukwaa ya mafundi. Miaka michache baadaye, 2017, Uholanzi ilitwaa ubingwa wa Ulaya nyumbani kwa kuilaza Denmark 4-2. Mwaka 2019 ilifika fainali ya Kombe la Dunia nchini Ufaransa, na unajua aliyewavusha nusu fainali? Kiungo! Jackie Groenen alifunga bao la pekee dhidi ya Sweden katika muda wa ziada. Fainali walipigwa 2-0 na Marekani, lakini ulimwengu ulikuwa umeshawajua.

Kumbe nchi inaweza kupiga hatua kubwa kwa miaka kumi tu, mradi ligi isimame na wasichana wapate mahali pa kucheza kila wiki.

Machakos nayo ina historia

Usidhani mambo haya ni ya mbali. Uwanja wa Kenyatta hapo Machakos umeshuhudia makubwa. Desemba 2017, Harambee Stars walitwaa Kombe la CECAFA hapo hapo kwa kuilaza Zanzibar kwa mikwaju ya penalti. Kisha mwaka 2018 ikawa zamu ya akina dada. Harambee Starlets waliutumia uwanja huo kusaka tiketi ya Kombe la Afrika kwa Wanawake (WAFCON). Mwezi Juni waliichapa Equatorial Guinea 2-1, timu ambayo ilikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa Afrika mara mbili.

Kilichofuata kilikuwa uchungu mtupu. Katika marudiano Starlets walifungwa 1-0, wakang'olewa kwa sababu ya lile bao la ugenini lililofungwa Machakos. Baadaye CAF ikaiondoa Equatorial Guinea kwa kosa la kumchezesha mchezaji asiyestahili, na Kenya ikapewa nafasi. Mabinti wakafurahi, wakajiandaa kwenda Ghana. Siku chache kabla ya kipute kuanza, rufaa ya Equatorial Guinea ikakubaliwa na Kenya ikaambiwa ibaki nyumbani. Umewahi kufunga begi la safari halafu ukaambiwa ulifungue? Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Ninakueleza haya ili usije ukadanganywa kwamba bidii pekee inatosha. Bidii ni lazima, ila soka ina meza zake, kanuni zake na watu wake wa makaratasi. Mchezaji asiyezijua kanuni anaweza kushinda uwanjani na kushindwa ofisini.

Waliofuata nyayo

Nabwire alipofungua mlango, wengine walipita. Esse Akida, kiungo mshambuliaji, alikuwa kwenye kikosi cha Starlets kilichocheza WAFCON kwa mara ya kwanza, Cameroon 2016, na alifunga katika mechi dhidi ya Ghana. Kenya ilipoteza mechi zote tatu za makundi, lakini Akida hakurudi nyumbani kukunja mikono. Alikwenda Israeli kuchezea Ramat HaSharon, akaelekea Besiktas ya Uturuki, na baadaye PAOK ya Ugiriki. Corazone Aquino, kiungo mwingine, alicheza Ureno kisha akavuka mpaka hadi Tanzania na kujiunga na Simba Queens. Naam, siku hizi si lazima upande ndege ya Ulaya. Ajira inaweza kuwa Dar es Salaam, ambako utaongea Kiswahili chako bila wasiwasi.

Walio wadogo wao nao hawalali. Mwaka 2024 Junior Starlets, timu ya wasichana wasiozidi miaka 17, ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, iwe ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Huko Jamhuri ya Dominika waliichapa Mexico 2-1. Oktoba 2025, Starlets wakubwa chini ya kocha Beldine Odemba waliitoa Gambia kwa jumla ya mabao 4-1 na kufuzu WAFCON kwa mara ya pili katika historia.

Kwa hivyo yule anayekuuliza mpira utakupeleka wapi, mtajie orodha hiyo.

Sasa sikiliza mambo ya makaratasi

Kwanza, umri. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu soka. Ukiwa Kidato cha Tatu na mtu akakuandikia kwenye simu kwamba amekupatia klabu ng'ambo, tuma tu pesa za viza, mfunge mdomo hapo hapo na umwonyeshe mzazi wako ujumbe huo.

Pili, mkataba. Soma kila ukurasa. Ukiwa kwa lugha usiyoijua, uliza nakala kwa lugha unayoielewa. Angalia mshahara, muda, nani atalipa matibabu ukivunjika mguu na nani atalipa tiketi ya kurudi. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kike likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara wake. Klabu haiwezi kukufuta eti kwa sababu umepata ujauzito. Wachezaji wangapi wa hapa nyumbani wanalijua hilo?

Tatu, masomo. Goti halina huruma, na kazi ya uwanjani ni fupi. Nabwire alipomaliza kucheza hakupotea. Alianzisha Girls Unlimited, mradi wa kuwalea wasichana kupitia soka, na aliwahi kusimamia maendeleo ya soka ya wanawake katika Shirikisho la Soka Kenya. Kazi kama hiyo inataka mtu anayejua kuandika ripoti, kusoma bajeti na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Hayo hayafundishwi mazoezini.

Na wewe kaka unayesoma hapa, usidhani umesahaulika. Uwanja wa shule ukiwa mmoja na jioni ikiwa fupi, nani huambiwa apishe? Gawaneni zamu. Dada yako akiwa na mechi Jumamosi, osha vyombo siku hiyo, halafu nenda ukamshangilie.

Dada, wiki hii fanya mambo mawili tu. Mazoezini, zoea kugeuza shingo na kutazama pande zote kabla ya kupokea mpira, kila mara, hata katika zile pasi za kupasha misuli. Nyumbani, kaa na mzazi au mlezi wako mzungumze wazi kuhusu soka na shule, ratiba ikiwa mezani. Mwambie ni siku zipi unafanya mazoezi, unarudi saa ngapi, na unasoma saa ngapi. Mzazi akiona mpango ulioandikwa, hata lile swali lake litabadilika. Badala ya “itakupeleka wapi,” huenda akauliza, “viatu vinauzwa pesa ngapi?”