Milinganyo mingi, mikono mingi

Kwetu sisi wa lugha, milinganyo ni mambo ya kitivo cha jirani. Lakini hapa Keshero, chini ya Nyiragongo, inatuhusu. Ardhi ikitikisika, kila kituo cha kupima hunasa saa ambayo mtikisiko umekifikia, na kila saa hutoa mlinganyo mmoja. Visivyojulikana ni vinne: longitudo, latitudo, kina na saa ya chanzo. Programu hukisia jibu, kisha hulirekebisha mara kadhaa kwa milinganyo ya mstari.

Kwa vinne, kompyuta moja yatosha. Kuchora tumbo la volkano, hata hivyo, kunahitaji maelfu; na kwa njia ya Gauss, visivyojulikana vikiongezeka mara 2, kazi huongezeka karibu mara 8. Hapo ndipo programu kama MUMPS, iliyoanza mwaka 1996, hugawa kazi kama salongo: kila kichakataji na sehemu yake. Lakini hatua inayongoja jibu la nyingine haigawiki, na kupashana matokeo kunakula muda.

Naita kazi hii “ukokotoaji sambamba”. Tukilifundisha neno hilo, tuongeze jambo moja: vichakataji hivyo haviendi bega kwa bega tu, vinasemezana pia.