Sura ya Saba: Fyuzi Ni ya Waya

Gari la mtumba likishuka bandarini Kilindini huja na masalia ya mwenyewe wa kwanza, na masalia hayo huzaa uvumi mwingi kuhusu umeme wa magari. Ile sauti ya mwanamke inayosema Kijapani kila ukizungusha funguo haitoki kwenye spidi gavana, wala si mtambo wa kumfuatilia dereva. Ni kisanduku cha kulipia barabara za kwao, mfumo ulioanza kuenea Japani mwaka 2001, na kinacholalamikia ni kwamba hakina kadi. Kidude cha pili, chenye skrini ndogo, kilichobandikwa juu ya dashibodi kikiwa na jina la Yupiteru, Cellstar au Comtec, ndicho kigunduzi cha rada. Hicho wenye magari hawataki king'olewe. Humwendea fundi wa umeme Magongo, Kongowea au Likoni wakitaka kiwake pamoja na gari, bila waya kuning'inia kutoka kwenye tundu la kiberiti. Kazi yenyewe ni ya saa moja. Gari likiungua baadaye, lawama huangukia kifaa, na sura hii inahusu kwa nini kifaa hicho kwa kawaida hakina hatia.

Kifaa chenyewe tukimalize kwanza. Kigunduzi cha rada ni redio ya kupokea tu. Hakizimi bunduki ya polisi, hakivurugi chochote, hakifichi gari. Bunduki ya rada hurusha mawimbi, mengi ya gigahezi 10.525, 24.150 au yale ya kati ya 33.4 na 36, kisha husikiliza yanayorudi. Gari linaloikaribia kwa kilomita 80 kwa saa huyarudisha mawimbi ya 24.150 yakiwa yamepanda kwa takriban hezi 3,580, na tofauti hiyo ndiyo inayosomwa kama spidi. Kigunduzi kinayasikia mawimbi yale yale, basi. Ndiyo maana hulia pia mbele ya mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe, kwa kuwa mingi ya milango hiyo hutumia gigahezi 24, na hulia ukipitana na gari jipya lenye rada ya kuchunguza ubavuni. Kwa bunduki ya leza hali ni mbaya zaidi: mwale wake ukifika mita 300 huwa na upana wa mita moja hivi, kwa hiyo kifaa kikilia, mwale umeshakugusa na spidi imeshasomwa. Vile vya Kijapani, juu ya hayo, hutegemea sana ramani ya kamera za Japani iliyohifadhiwa ndani na watengenezaji, na ramani hiyo haina habari na barabara ya Malindi. Kuna pia wanaotundika sidii kwenye kioo wakiamini inavunja rada. Bunduki inasoma bati la gari zima, na kisahani cha plastiki chenye utando wa alumini hakiondoi bati. Mjini sheria ya Kenya ni kilomita 50 kwa saa, na anayeifuata hana haja ya kuonywa na kidude. Lakini kanuni za waya ni zile zile kwa kigunduzi, kwa kamera ya dashibodi na kwa mtambo wa kufuatilia gari, kwa hiyo anayetaka kukifunga na akifunge vizuri.

Kigunduzi hula umeme kidogo sana, kama ampea 0.2. Kutokana na udogo huo watu hufikia uamuzi kwamba hakihitaji fyuzi, au kwamba fyuzi iliyopo, ya ukubwa wowote, itakilinda. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kudhani fyuzi imewekwa kwa ajili ya kifaa. Fyuzi imewekwa kwa ajili ya waya. Chukua waya wa kawaida wa milimita mraba 0.5, mita mbili, kutoka kisanduku cha fyuzi hadi juu ya kioo cha mbele. Ukinzani wake ni karibu omu 0.07. Siku ganda lake litakapochubuliwa na ncha ya bati, shaba ikagusa bodi, betri yenye volti 12.6 inaweza kusukuma humo takriban ampea 180. Zidisha: ni zaidi ya wati 2,200, joto la birika la umeme, isipokuwa hapa hakuna maji ya kulipokea, na limefichwa nyuma ya plastiki na sponji. Tuseme viungo vya njiani na betri yenyewe vimepunguza nusu ya hesabu hiyo. Nusu inatosha kuwasha moto. Katika muda wote huo kigunduzi kimekaa kimya juu ya dashibodi, kimezimika, hakichangii chochote.

Ukilielewa hilo, maswali mawili yanajijibu. La kwanza ni fyuzi ikae wapi. Ikae mwanzoni mwa waya, upande umeme unakotoka, maana fyuzi iliyowekwa karibu na kifaa inalinda kipande kilichobaki mbele yake tu na kuacha mita mbili za nyuma zikiwa wazi. Umeme ukichukuliwa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi isivuke shubiri moja kutoka kwenye ncha ya pozitivu. La pili ni ya ampea ngapi. Jibu linatoka kwa waya mwembamba kuliko zote kwenye njia hiyo, na kwa kigunduzi ampea 2 au 3 zinatosha na kubaki. Rangi za fyuzi za kisu zinajulikana kwa kila fundi: nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Ubaya ni kwamba wengi huzisoma kama ngazi ya ubora. Nyekundu ikikatika huwekwa buluu, buluu ikikatika huwekwa manjano, na mwishoni hufungwa uzi wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kila hatua ya ngazi hiyo inauhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya.

Pingamizi la kawaida ni kwamba gari fulani limekimbia miaka na fyuzi ya 20 kwenye waya wa redio na halijaungua. Si ushahidi. Fyuzi haina kazi hadi siku ya shoti, na waya ambao haujachubuka haukuambii chochote juu ya fyuzi yake. Pingamizi la pili lina akili zaidi: kwamba kifaa kimeletwa na fyuzi yake kiwandani. Ni kweli mara nyingi, na papo hapo ndipo fundi anapoharibu. Fyuzi hiyo huwa ndani ya pua ya plagi inayoingia kwenye tundu la kiberiti, kikopo kidogo cha kioo nyuma ya ncha ya chuma. Fundi anaikata plagi ili auunge waya moja kwa moja, na kwa mkasi ule ule ameitupa fyuzi. Kwa kamera nyingi za dashibodi hasara ni mbili, kwa sababu ndani ya plagi mna pia saketi ya kushusha volti 12 hadi 5, na kamera iliyoundwa kwa volti 5 ikipewa zile za altaneta, ambazo hufika 14.4, haiamki tena. Mwenye gari huambiwa kamera ilikuwa feki.

Chanzo cha umeme kiwe kile kinachozimika funguo ikitolewa. Kigunduzi kikiungwa kwenye njia ambayo haizimiki, zile ampea 0.2 zinakuwa ampea-saa 4.8 kwa siku, na gari likiegeshwa wiki moja zinakuwa 33.6, kwenye betri ya 45. Halitawaka. Hapo hulaumiwa betri, au sakafu ya saruji iliyolazwa juu yake, ingawa ganda la plastiki la betri za siku hizi halipitishi umeme kwenda sakafuni wala kwingineko. Njia ya redio au ya kiberiti inafaa. Njia za breki za kielektroniki, kompyuta ya injini na mifuko ya hewa ziachwe kabisa, na pia waya wa spidi gavana kwa matatu. Tangu kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zianze kutekelezwa Februari 2004, na matatu kutakiwa zisipite kilomita 80 kwa saa, gavana imekuwa ikisingiziwa hitilafu za umeme zisizo zake, na haihitaji kuongezewa mgeni kwenye waya wake.

Kile kiungo cha kuchepusha umeme kwenye tundu la fyuzi, kinachouzwa kwa bei ndogo madukani, kina upande, na wengi hukiingiza bila kuangalia. Katika kila tundu, mguu mmoja unatoka kwa betri na wa pili unakwenda kwa redio. Toa fyuzi, washa swichi, gusa kila mguu kwa testa: unaowasha taa ndio wa betri. Kiungo kina nafasi mbili za fyuzi, ya zamani na ya mgeni, na mguu wake unaozilisha nafasi zote mbili unapaswa kukaa upande wa betri. Hapo kila njia inapita kwenye fyuzi yake peke yake. Ukikigeuza, umeme wa mgeni unapita kwanza kwenye fyuzi ya redio, ndipo ufike kwenye yake. Kwa kigunduzi tofauti hutaiona. Kwa pampu ya upepo ya ampea 10 utaiona siku ya kwanza, na utamsikia mtu akisema fyuzi za siku hizi ni dhaifu.

Njia ya waya haina maneno mengi. Upite ukingoni mwa dari na ushuke nyuma ya mkanda wa mlango, na pale kwenye nguzo ya kioo upite nyuma ya mfuko wa hewa, kamwe usipite mbele yake, maana mfuko ukifumuka utauchukua waya na kuurusha pamoja na kifaa usoni mwa abiria. Soketi za manjano zisiguswe.

Bodi, yaani upande wa negativu, ilistahili mistari mitatu na sasa itachukua zaidi, kwa sababu ya pwani na kwa sababu ya majini. Kuna gari ambalo dereva akikanyaga breki mchana, taa zikiwa zimezimwa, dashibodi inawaka hafifu na taa ndogo ya nyuma ya upande mwingine inawaka nayo. Gari kama hilo hupewa jina la mkosi, likafungiwa hirizi chini ya kiti, na likauzwa kwa hasara. Linalotendeka ni hili. Taa zote za pembe moja ya nyuma hushirikiana waya mmoja wa kurudi kwenye bodi. Waya huo ukikatika, umeme wa breki unafika kwenye balbu na kukosa njia ya kurudi, basi unapita kinyumenyume kwenye uzi mdogo wa taa ya usiku, unaingia kwenye njia ya taa za usiku za gari zima, na kutokea kwenye bodi kupitia balbu za dashibodi na za upande wa pili. Kila balbu njiani inakula sehemu yake, ndiyo maana zote ni hafifu. Skurubu moja iliyosuguliwa inalitoa jini hilo.

Na hapa kwetu skurubu hizo huliwa haraka. Gari linalovuka Likoni kila siku, au linalolala Kisauni upande wa bahari, linakaa kwenye hewa ya chumvi, na pale kituo cha shaba kinapobana bati la chuma, unyevu wa chumvi unafanya betri ndogo ambamo chuma ndicho kinacholiwa. Tuseme kutu hiyo imeleta omu 0.5. Kigunduzi chenye ampea 0.2 kinapoteza volti 0.1 na kuwaka kama kawaida, testa nayo inawaka, na fundi anaridhika. Taa mbili za breki za wati 21, zinazovuta ampea 3.5, zingepoteza volti 1.75 hapo hapo. Ndiyo maana kuwaka kwa kifaa kidogo hakuthibitishi kwamba bodi ni nzima. Tatizo linakuja wakati matatu inapoongezewa amplifaya na taa za rangi kwenye skurubu ile ile. Umeme mwingi usiopata njia ya kurudi hujipitisha kwenye kebo za muziki hadi kwenye redio, na abiria husikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini.

Kwa hiyo usifunge negativu kwenye skurubu ya plastiki ya dashibodi, wala kwenye bati lenye rangi. Tafuta boliti ya kiwandani, aghalabu iko nyuma ya pazia la plastiki karibu na miguu ya dereva, isugue hadi bati ling'ae, kaza kituo kwa washa yenye meno, kisha paka grisi juu. Grisi ije baada ya kukaza.

Kazi ikiisha, andika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi tundu lililotumika na ampea za fyuzi ya mgeni. Halafu zima gari, funga milango, ngoja nusu saa kompyuta zake zilale, na pima kwa mita umeme unaotoka kwenye betri. Ikisoma zaidi ya ampea 0.05, toa fyuzi ya mgeni na upime tena. Namba ikishuka kwa 0.2, umechukua umeme kwenye tundu lisilozimika. Isiposhuka, gari lilikuwa na ugonjwa wake kabla ya kigunduzi kufika.