Hesabu ya Kisichotokea: Joto, Ukame na Hewa Ukaa Taita Taveta

Ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi ni wa aina mbili. Upo uliopimwa: joto la mchana, mvua ya msimu, kiasi cha hewa ukaa kilichomo angani. Na upo uliokadiriwa, yaani kile ambacho kingetokea lau mambo yangekwenda njia nyingine. Kelele nyingi hupigwa juu ya ule wa kwanza, ilhali sera na fedha huegemea zaidi ule wa pili. Kaunti ya Taita Taveta, nchini Kenya, inaonyesha zote mbili kwa karibu. Juu milimani kuna vituo vinavyopima hewa na mawingu, chini kuna uwanda wa mji wa Voi unaokauka kila mvua ikichelewa, na kusini mashariki mwa mji huo, ng'ambo ya Maungu, kuna msitu wa nyika wa Kasigau ambao kaboni yake imekuwa ikiuzwa ng'ambo tangu 2011.

Upande wa vipimo hauna mengi ya kubishaniwa. Hewa ukaa ilipoanza kupimwa mfululizo huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilitangaza mwaka 2021 kwamba dunia imepata joto la nyuzi 1.1 hivi kuliko ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900, na kwamba mchango wa binadamu hauna shaka. Mchango wa Kenya katika gesi hizo haufiki hata asilimia 1 ya zile za dunia nzima.

Mvua ndiyo yenye fumbo. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari na hupata misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Katika nyanda hizi vuli ndiyo inayotegemewa zaidi, kinyume na sehemu nyingi za bara. Tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yamekuwa yakipungua, huku modeli nyingi za kompyuta zikitabiri kwamba eneo hili litapata mvua zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Wataalamu wenyewe huliita jambo hili kitendawili, na bado hawajakubaliana jibu. Anayetaka kuona wanasayansi wakibishana kweli kweli aangalie hapa, wala si kwenye swali la kama joto limepanda.

Ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, ulileta fumbo hilo la mvua mlangoni. Kundi la watafiti la World Weather Attribution lilitoa uchambuzi wake Aprili 2023 kuhusu kusini mwa Ethiopia, Somalia na mashariki mwa Kenya. Lilikadiria kuwa shughuli za binadamu ziliufanya ukame wa namna hiyo uwe rahisi kutokea mara 100 hivi zaidi. Msingi wa kauli hiyo haukuwa mvua peke yake. Joto lililoongezeka lilifyonza maji ya udongo na ya majani kwa kasi kubwa zaidi, hata upungufu wa mvua ambao zamani ungevumilika ukageuka janga. Katika dunia isiyo na joto hilo la ziada, walisema, mvua ileile isingehesabiwa kuwa ukame. Mwaka huo wa 2022 serikali ya Kenya ilitangaza vifo vya tembo 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, na hifadhi ya Tsavo, inayochukua sehemu kubwa ya kaunti hii, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi.

Hata hivyo Tsavo iliwahi kushuhudia vifo vikubwa kuliko hivyo. Katika ukame wa 1970 na 1971 tembo wapatao 6,000 walikufa, na makadirio mengine yanapita idadi hiyo. Kabla ya hapo mwanabiolojia Richard Laws alikuwa amependekeza wapunguzwe kwa bunduki, akionya kwamba walikuwa wakimaliza miti. David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, alipinga, akitaka maumbile yaachwe yajirekebishe. Kisa hicho hutumiwa na wanaoshuku mabadiliko ya tabianchi kuonyesha kwamba ukame ni wa kale. Ni wa kale, naam. Lakini hoja ya watafiti wa 2023 haikuwa kwamba ukame umezaliwa jana, bali kwamba umerahisishiwa njia.

Milima ya Taita inaongeza jambo ambalo mjadala wa kitaifa huliruka. Kwa ulinganisho wa picha za angani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo chake Wundanyi, waligundua kwamba nusu hivi ya msitu wa asili wa milima hii ilitoweka kati ya 1955 na 2004. Jumla ya eneo lenye miti haikupungua sana, kwa kuwa mikaratusi, misonobari na miti mingine ya kigeni ilipandwa. Vilivyobaki ni vipande kama Ngangao, Chawia na Mbololo, ambavyo hukamua maji kutoka kwenye ukungu na ndiyo makao ya ndege na vyura wasiopatikana kwingine duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications, kuhusu misitu ya milimani barani Afrika, ulionyesha kuwa pale msitu ulipofyekwa joto la juu la mchana lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 1 katika muda usiofika miongo miwili, na usawa wa mawingu ukapanda mita zaidi ya 200. Kwa lugha ya mkulima: ukungu uliokuwa ukigusa shamba sasa unapita juu yake.

Kwa hiyo mkulima wa Mgange anayesema joto limeletwa na viwanda vya ng'ambo, na afisa wa misitu anayesema limeletwa na panga na shoka, wote wana ushahidi. Joto la dunia na joto la kufyeka hujumlishwa juu ya kichwa kilekile. Wadudu hawaulizi ni lipi: viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, wa aina iliyozoea nyanda za chini, wanatarajiwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kupanda mlima kadiri baridi inavyopungua. Lakini kisera tofauti ni kubwa, kwa sababu joto la kufyeka linaweza kupunguzwa na wadi yenyewe, na lile lingine haliwezi.

Kasigau ndipo makadirio yalipogeuzwa bidhaa. Kampuni ya Wildlife Works, iliyoingia Rukinga mwaka 1998, ilianza na ranchi ya ekari 75,000 hivi, kisha ikaunganisha ranchi nyingine nyingi hadi zikafika takriban hekta 200,000 za migunga na miti ya jamii ya manemane, katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 2011 mradi huo ukawa wa kwanza duniani kupewa mikopo ya kaboni kwa kuzuia ukataji wa msitu chini ya kanuni za shirika ambalo leo linaitwa Verra. Jina “mikopo” linapotosha, maana hakuna anayekopa wala anayelipa deni. Kila hati moja ni dai kwamba tani 1 ya hewa ukaa haikwenda angani, na anayeinunua, kwa kawaida kampuni ya nchi tajiri, huitumia kufidia tani aliyoitoa yeye.

Nusu ya hesabu hiyo ni kazi ya mikono. Vikosi huingia porini, hupima unene wa kila mti katika vipande vya ardhi vilivyochaguliwa, kwa kimo cha kifua cha mtu mzima, na kwa fomula hupata uzito wake ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Kaboni ikiungua hushikana na oksijeni, hivyo kila kilo yake huzaa kilo 3.67 za hewa ukaa. Makosa yapo, lakini yanapimika, na mkaguzi anaweza kurudi na utepe wake kwenye mti uleule.

Nusu ya pili haina mti wa kurudia. Ili kujua ni tani ngapi zimeokolewa, lazima kwanza ikubaliwe ni miti mingapi ingekatwa kama mradi usingekuwapo. Njia ya kawaida ni kutafuta eneo la kulinganishia lenye udongo, mteremko, barabara na watu wa namna moja, kuangalia picha zake za setilaiti za miaka iliyopita, na kuchora mwendo wa ukataji kuelekea mbele. Chukulia msitu wa hekta 1,000. Eneo la kulinganishia likiwa limepoteza hekta 30 katika kila 1,000 kwa mwaka, msitu huo utahesabiwa kuwa umeokoa hekta 30. Likichaguliwa eneo jingine lililopoteza hekta 10, mapato hushuka hadi theluthi, bila mti hata mmoja kuongezeka wala kupungua. Kwa muda mrefu aliyechagua eneo la kulinganishia alikuwa mwenye mradi mwenyewe, akikaguliwa na mkaguzi anayemlipa. Huo ndio mshono dhaifu wa vazi zima.

Januari 2023 magazeti ya The Guardian na Die Zeit, pamoja na shirika la SourceMaterial, yalidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mikopo ya misitu ya mvua iliyothibitishwa na Verra huenda haikuwa na punguzo halisi nyuma yake. Verra ilikataa, ikisema mbinu za watafiti waliotegemewa hazikuzingatia hali za mahali. Agosti mwaka huohuo jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa miradi 26 katika nchi sita, uliotumia misitu pacha iliyochaguliwa na watafiti badala ya wenye miradi. Mingi haikuonyesha tofauti kubwa ya ukataji. Tanzania na Kongo zilikuwamo, Kenya haikuwamo. Anayetumia uchunguzi huo kuuhukumu Kasigau anautwika mzigo usio wake, ingawa kutokuwamo humo nako si cheti cha usafi.

Nyika ya Tsavo ina matatizo yake ya kuhesabu. Hapa tembo huangusha miti, na moto na ukame huiua, kwa hiyo eneo lililopoteza miti halionyeshi moja kwa moja kazi ya mchoma makaa. Halafu kuna kuhama kwa ukataji: gunia la makaa lililokosekana Kasigau linaweza kujazwa kwenye ranchi isiyo katika mradi, likapandishwa lori lilelile barabara ya Mombasa. Kanuni hutaka sehemu ya mikopo iwekwe akiba kwa ajili ya hasara za baadaye kama hizi za moto.

Manufaa yanayoonekana hayana fumbo hilo. Theluthi hivi ya mapato hutengewa wenye ardhi, na kamati za lokesheni huamua fedha za jamii ziende wapi: basari, matangi ya maji, madarasa. Katika kaunti ambayo asilimia 62 ya ardhi yake ni hifadhi ya Tsavo, fedha za msitu zinazofika kijijini si jambo dogo. Lakini basari haithibitishi tani. Kadhalika, dosari za kijamii hazikanushi tani: Novemba 2023 mashirika ya SOMO la Uholanzi na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya isiyo ya kiserikali, KHRC, yalitoa ripoti yenye madai mazito ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake katika mradi huo, na Verra ikaanzisha uchunguzi. Ni mashtaka tofauti, yenye ushahidi tofauti, na kuyachanganya kumewasaidia zaidi wasiotaka lolote kati yake lijibiwe.

Serikali nayo hutumia hesabu ya kisichotokea. Ahadi ya Kenya chini ya Mkataba wa Paris, iliyofanyiwa marekebisho Desemba 2020, ni kupunguza gesi kwa asilimia 32 ifikapo 2030, na kipimo chake si kiwango cha mwaka wowote uliopita bali tani milioni 143 ambazo nchi ingezitoa mwaka huo kama isingechukua hatua. Makadirio hayo yakiwa makubwa mno, ahadi hutimizwa bila jasho.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa Septemba 2023 kwa ajili ya soko la kaboni. Miradi ya ardhi sasa hutakiwa kuwa na mkataba wa maendeleo na jamii na kuipa angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya gharama kuondolewa. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yatakayoleta kesi, kwa kuwa gharama huandikwa na mwenye vitabu. Sheria imeshughulika na mgawanyo wa fedha; eneo la kulinganishia imeliachia soko.

Soko lenyewe limeanza kujirekebisha. Mwishoni mwa 2023 Verra ilitoa kanuni mpya, VM0048, inayomnyang'anya mwenye mradi uchaguzi wa eneo hilo: kasi ya ukataji hukadiriwa kwa mkoa au nchi nzima kutoka ramani moja, kisha kila mradi hupewa fungu lake kulingana na hatari iliyopo pale ulipo. Kwa msitu wa mvua, wenye majani mwaka mzima, ramani hiyo ni rahisi kuchora. Miti ya Kasigau hupukutisha majani kiangazi. Ikipigwa picha Septemba, kabla ya vuli, setilaiti huona matawi makavu yanayofanana na shamba lililofyekwa, na Desemba, mvua ikiwa imenyesha, huona msitu palepale.