Butembo na Beni: Madereva wachache wanaoharibu mashamba wanawafungia wengi njia

Kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, njia nyingi za mkato hazikutengenezwa na Serikali. Zilianza kwa miguu: watoto wakienda masomoni, mama wakiteremsha mihogo na makaa sokoni, vijana wakisukuma chukudu. Zinapita katikati ya mashamba ya maharagwe na misitu ya mikaratusi yenye wenyewe, kwa ruhusa ambayo haijaandikwa popote. Sasa pikipiki nazo zinapita humo.

Kwa nini dereva anaacha barabara kubwa ni rahisi kuelewa. Mvua ikinyesha, barabara za udongo zinageuka matope, malori yanakwama, na mteja ana haraka. Shida si kupita. Shida ni namna ya kupita.

Pikipiki iliyobeba magunia mawili, ikipanda kilima wakati udongo umelowa, inachimba mfereji kwa gurudumu la nyuma. Mvua inayofuata inapita humo humo, mfereji unakuwa korongo, na udongo mzuri unashuka bondeni. Dereva anayekuja nyuma anakwepa korongo hilo kwa kukanyaga maharagwe. Njia iliyokuwa na upana wa mtu mmoja inazidi kupanuka, na mwenye shamba hajaulizwa neno.

Upande wa Beni kuna jambo lingine. Mashamba ya kakao yanavutia wezi, na wakaaji wamezoea kuogopa sura wasizozijua. Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita. Pikipiki ikinguruma kabla ya mapambazuko katikati ya kakao, mwenye shamba hawezi kujua kama imebeba mgonjwa au imebeba mavuno yake.

Basi anafunga. Anachimba mtaro, analaza gogo, au anapanda ua. Dereva aliyeharibu anatafuta njia nyingine siku hiyo hiyo. Anayebaki na hasara ni mama mjamzito anayepaswa kufika kituo cha afya, mwanafunzi, na mkulima ambaye shamba lake liko nyuma ya lile lililofungwa.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia. Inatambua pia haki ya kupita kwa mtu ambaye kiwanja chake kimezingirwa na viwanja vya wengine. Kwa hiyo si halali kumfungia jirani kabisa. Lakini haki hiyo haimpi dereva yeyote ruhusa ya kupita popote anapotaka.

Tatizo hili halipo Kongo peke yake. Huko Quebec, Kanada, watu wanaendesha pikipiki za theluji kwenye njia ambazo sehemu kubwa inapita katika mashamba ya watu. Vilabu vya waendeshaji ndivyo vinavyoomba ruhusa kwa wenye ardhi, vinaweka alama na kutunza njia. Wachache wakitoka nje ya alama na kuharibu mazao, mwenye shamba anaweza kukataa, na safari inakatika kwa wote.

Butembo na Beni hazikosi watu wa kufanya kazi kama hiyo. Madereva wa pikipiki wana vyama vyao, na kila kartie ina chefu wake. Vyama na wenye mashamba wanaweza kukaa pamoja mbele ya chefu na kukubaliana: njia ipi iko wazi kwa pikipiki na ipi ni ya miguu tu, saa ngapi, na mzigo gani unakatazwa siku ya mvua. Salongo inaweza kuziba makorongo na kuchimba mitaro ya kupitisha maji pembeni. Anayekanyaga mazao alipe, na chama chake kiwe cha kwanza kumdai.

Bila hivyo, magogo yataendelea kulazwa njiani. Na siku mgonjwa atakapohitaji kushushwa haraka kutoka kilimani, gogo halitauliza ni nani aliyekanyaga maharagwe.