Je, Wajua? Damu ya Mnyoo wa Ufukweni Haina Kundi

Maji yakipwa kwenye fukwe za Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, mchanga hubaki umejaa vichuguu vidogo vilivyojiviringa mithili ya tambi. Hicho ni kinyesi cha mnyoo ambaye wataalamu humwita Arenicola marina. Hukaa ndani ya shimo lenye umbo la herufi U, akameza mchanga kwa mdomo, akafyonza chakula kilichomo, kisha akarudi nyuma kuutoa mchanga juu kwa mkia. Wavuvi wa kule humfukua wakamtunga kwenye ndoana. Kwa watu wengi sifa zake zinaishia hapo, na mimi naona wanamdhulumu. Mnyoo huyu amezaliwa na kitu ambacho maabara kubwa zimehangaika kukitengeneza kwa miongo mingi: himoglobini inayofanya kazi nje ya chembe ya damu.

Anapumua kwa matamvua mekundu, jozi 13, yaliyojipanga katikati ya mwili. Maji yakiwa yamejaa, hujikunjakunja ili kuyasukuma yapite shimoni na kumletea oksijeni. Yakipwa, hakuna cha kusukuma. Kwa saa kadhaa, mpaka bahari irudi, anaishi kwa akiba. Mwanabiolojia wa bahari Franck Zal alijiuliza akiba hiyo iko wapi, na akaikuta kwenye damu.

Hapa inabidi kwanza tuitazame damu yetu wenyewe. Himoglobini ya binadamu imefungiwa ndani ya chembe nyekundu, na ina sababu ya kufungiwa. Molekuli yake ina vipande vinne. Ukiimwaga nje ya chembe, inakatika katikati, na vijipande vyake vinapenya kwenye figo na kuziumiza. Wanasayansi walipoviunganisha vipande visikatike, tatizo la pili likajitokeza. Kuta za mishipa hutoa gesi ya nitriki oksaidi ili mishipa ilegee na damu ipite kwa urahisi. Himoglobini iliyo huru huifyonza gesi hiyo. Mishipa inabana, shinikizo la damu linapanda, moyo unaelemewa.

Ndipo walipokwama karibu wote waliotaka kutengeneza damu bandia kwa himoglobini ya watu au ya ng'ombe. Kampuni ya Baxter ya Marekani ilisimamisha majaribio ya dawa yake ya HemAssist mwaka 1998, baada ya majeruhi waliopewa dawa hiyo kufa kwa wingi kuliko wenzao. Mwaka 2008 ukachapishwa uchambuzi wa majaribio 16 ya bidhaa tano za aina hii: hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa imepanda kwa zaidi ya mara mbili.

Mnyoo wetu hana chembe nyekundu hata moja. Himoglobini yake inaelea wazi ndani ya damu, na imeumbwa hivyo tangu mwanzo. Ni kubwa kuliko yetu mara 50 hivi, vipande vyake vingi vikiwa vimeshikana katika matabaka mawili yenye pembe sita, kwa hiyo haipenyi ovyo kwenye figo. Molekuli moja ya himoglobini yetu hubeba molekuli nne za oksijeni. Ya mnyoo hubeba hadi 156. Tena, alama za makundi ya A na B zinazosumbua hospitalini zimo kwenye utando wa chembe nyekundu. Pasipo chembe, hakuna kundi.

Mwaka 2007 Zal alianzisha kampuni ya Hemarina mjini Morlaix. Minyoo wake wanafugwa katika kisiwa cha Noirmoutier, na hilo nalisifu, kwa sababu dawa inayofukua ufukwe mzima ingekuwa hasara juu ya hasara. Himoglobini hiyo iliwekwa kwenye maji ya kuhifadhia figo 60 zilizokuwa zikisubiri kupandikizwa. Zilipolinganishwa na figo za pili za wachangiaji walewale, zilizohifadhiwa bila himoglobini hiyo, ni chache zaidi zilizochelewa kuanza kazi. Mwaka 2022 bidhaa hiyo ilipata kibali cha Ulaya kwa kuhifadhi figo.

Kwa kuhifadhi figo, si kwa kumwongezea mtu damu. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilisimamisha jaribio la kuwapa wagonjwa wa Uviko-19 himoglobini ya mnyoo, kwa sababu ya matokeo mabaya ya utafiti wa zamani kwa nguruwe. Basi anayekuambia kwamba damu bandia tayari ipo anakudanganya. Na hata ikipatikana, itabeba oksijeni tu. Haitagandisha jeraha wala kupambana na vijidudu.

Minyoo wa mchangani wapo pwani yetu pia, nasi tunawajua kwa chambo. Taasisi ya Sayansi za Bahari tunayo, iko Unguja. Inastahili fedha za kuwachunguza viumbe hawa kabla fukwe zao hazijazikwa chini ya plastiki na maji machafu tunayoyaelekeza baharini.



Kwa sasa, damu bandia ikiwa bado haijapatikana, mama anayevuja damu baada ya kujifungua na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria wanakutegemea wewe. Nenda kachangie. Nchini Tanzania mwenye afya njema, aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, anaruhusiwa: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.